Fumbo la haki na fumbo la hila

Katika seminari nyingi kitabu cha siri, maana yake kile chenye kusimulia mauaji na kazi ya kumutafuta muuaji, kinahesabiwa kuwa kitabu cha kupoteza saa. Mwalimu akikikuta chini ya muto wa museminari anakinyanganya, kisha jioni anakisoma yeye mwenyewe. Basi inafaa tuulize bila kuficha: vitabu hivi vina faida gani kwa mutu atakayekuwa mupadri ao katekista? Na kama vina faida, tutatambua namna gani kilicho kizuri na kilicho kibaya?

Hatutavipima kwa utamu wa hadisi tu. Tutavipima kwa mafumbo yaliyofichwa ndani yake. Maana kitabu cha siri ni kama shanga za mafumbo: moja ni la maneno, lingine ni la akili, na jibu la moja ni ufunguo wa lingine. Anayekosa la kwanza hafiki kwa la pili. Kanuni yetu itakuwa moja: fumbo la haki ni lile ambalo jibu lake liko karibu na mutu anayeulizwa, hata kama bado hajaliona. Fumbo la hila ni lile ambalo jibu lake limefungwa katika mufuko wa mwenye kuuliza.

Kanuni ya moto wa jioni

Kanuni hiyo haikutoka Ulaya. Mutoto anayeambiwa kwamba nyumba yangu haina mulango ameona yai tangu alipojifunza kutembea. Hapewi habari mupya. Anaalikwa kuangalia tena kitu alichokiona kila siku. Akishindwa, kwa desturi ya Waswahili wa pwani anatoa muji: anataja muji fulani, mwenye kitendawili anaupokea kama mufalme, kisha anatoa jibu. Hapo wote wanacheka, hata aliyeshindwa, kwa sababu anatambua kwamba angaliweza kujua. Kicheko hicho ndicho alama ya fumbo la haki.

Warega wa Shabunda na Mwenga, kusini ya Walikale, walienda mbali zaidi. Wazee wao wanatundika vitu vidogo kwenye kamba, kila kitu na mezali yake. Mutu anashika kitu kimoja, wengine wanatafuta mezali inayofichwa humo, na mezali moja inajibu nyingine ao inaipinga. Ile kamba ni kitabu kisicho na karatasi. Mutu haisomi kwa macho peke yake: lazima ajue maneno, kisha ajue namna maneno yanavyoshikana.

Fumbo la hila nalo tunalijua, na Maandiko hayakulificha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, Samsoni anaua simba njiani, kisha anakuta nyuki na asali ndani ya muzoga wake. Hamwambii baba wala mama. Siku ya arusi yake anawategea vijana 30 fumbo juu ya jambo ambalo yeye peke yake aliliona, na mali ya kushindania ni nguo. Vijana hawawezi kujua, hata wakifikiri siku saba. Basi nini kinafuata? Wanamutisha bibi-arusi kwamba watamuchoma moto; yeye analia mpaka anapata jibu; Samsoni anakasirika, anaua watu 30 wa Ashkeloni kusudi apate nguo za kulipa. Na katika sura ya 15 yule mwanamuke na baba yake wanachomwa kweli. Maandiko yanatuonyesha wazi: fumbo lisilo na haki lilianza na kicheko likaisha na damu.

Sheria za Padri Knox

Katika Ulaya, mutu aliyeandika kanuni hii vizuri alikuwa mupadri. Ronald Knox, Mwingereza, mutoto wa askofu wa Waanglikani, aliingia katika Eklezia Katolika mwaka wa 1917. Wengi wanamukumbuka kwa sababu alitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, na Agano Jipya lake lilitoka mwaka wa 1945. Lakini mwaka wa 1924 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha mafumbo ya herufi, na tangu mwaka wa 1925 aliandika hadisi za upelelezi. Mwaka wa 1929 akaweka sheria kumi kwa waandishi wa hadisi hizo. Aliziandika nusu kwa muchezo, lakini zina maana kubwa.

Muuaji lazima atajwe mapema katika hadisi. Pepo na miujiza isitumiwe kueleza mauaji. Mulango wa siri usipite mumoja. Sumu isiyojulikana na watu isiingizwe. Mupelelezi asisaidiwe na bahati, asiwe yeye mwenyewe muuaji, na kila alama anayoiona aionyeshe musomaji papo hapo. Mapacha wasitokee gafula mwishoni. Tuone basi: karibu sheria zote zinasema neno moja, kwamba jibu lisifungwe katika mufuko wa mwandishi.

Sheria ya tano inawaletea haya wasomaji wa leo. Inasema kwamba Muchina asiwemo katika hadisi. Tukiisoma haraka tunaweza kuzani kwamba ni zarau. Lakini tukumbuke vitabu vya bei rahisi vya wakati ule: humo Muchina alitwikwa kila ubaya, na mwandishi hakujisumbua kuonyesha sababu. Ugeni wake ulitosha kuwa ushuhuda. Knox alichoka na uvivu huo. Sisi wa Masisi na Walikale, tunaoishi kabila nyingi pamoja, Wahunde, Wanyanga, Wanyarwanda na wengine, tusome sheria hiyo pole pole. Ni mara ngapi ng’ombe anapotea, ao mutu anauawa njiani, na jina la kwanza kutajwa ni la mugeni ao la mutu wa kabila lingine? Fumbo la namna hiyo halikutatuliwa. Lilikimbiwa.

Utaya wa Kaini

Sasa tuangalie kitabu kilichopeleka muchezo huu mbali kuliko vingine. Kinaitwa Cain’s Jawbone, maana yake Utaya wa Kaini. Kitabu cha Mwanzo hakisemi Kaini alimuua Abeli kwa kitu gani. Habari ya utaya ni hadisi ya watu wa Ulaya ya zamani. Mwandishi alikuwa Edward Powys Mathers, Mwingereza aliyeishi toka 1892 mpaka 1939. Tangu mwaka wa 1926 alitunga katika gazeti la Observer yale mafumbo ambayo maneno yake yanapitana katika vyumba vidogo, na alijificha chini ya jina la Torquemada, yule Mudominikani wa Hispania aliyeogopwa kwa hukumu zake kali. Bila shaka alitaka wasomaji wajue kwamba watateswa!

Kitabu kilitoka mwaka wa 1934. Kina kurasa 100, na watu sita wanauawa ndani yake. Lakini kurasa zimepangwa ovyo, kwa makusudi. Kila ukurasa unaisha pamoja na mwisho wa sentensi, basi musomaji hawezi kushika nusu ya sentensi na kutafuta nusu yake ya pili. Kazi yake ni kupanga kurasa zote, kisha kutaja waliouawa na waliowaua. Kurasa tatu zinaweza kupangwa kwa njia 6; kurasa nne, njia 24; kurasa kumi, njia 3,628,800. Kwa kurasa 100, hesabu ya njia ni nambari yenye tarakimu 158. Hakuna mutu atakayezijaribu zote. Lazima afikiri.

Mushindi aliahidiwa paundi 15. Watu wawili tu walitoa jibu la kweli wakati ule. Kitabu kikasahauliwa, kikachapwa tena mwaka wa 2019, na mwaka wa 2020, wakati korona iliwafungia watu nyumbani, John Finnemore, mwandishi wa michezo ya redio, akalipata jibu baada ya miezi mingi. Jibu lenyewe halijatangazwa mpaka leo.

Je, fumbo hili ni la haki ao la hila? Tuseme kwanza sifa yake. Mathers hakuficha kitu mufukoni: kila alama imo katika zile kurasa 100. Neno dogo la ukurasa mumoja, jina la ua ao kipande cha shairi, linamwambia musomaji nani anayesema, na akijua nani anasema, anaweza kujua ukurasa upi unatangulia. Hapo fumbo la maneno linafungua fumbo la akili. Tena kitabu kinafundisha jambo zito: habari za kweli, zikipangwa vibaya, zinakuwa uwongo. Kila ukurasa ni wa kweli. Mupango tu ndio unaodanganya.

Lakini kina makosa mawili. La kwanza, jibu liko karibu na Mwingereza wa mwaka wa 1934 aliyesoma washairi wa inchi yake, na liko mbali na wengine wote. Kitendawili cha yai si kitendawili kwa mutu ambaye hajaona kuku. Museminari wa kwetu akishindwa na kitabu hiki asijione mujinga. Amekosa maktaba, hakukosa akili. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Watu sita wanakufa, na hakuna matanga. Wafu ni majina ya kujaza mahali. Kwa muchezo inatosha. Kwa mutu aliyezika ndugu zake haitoshi.

Bwana Msa penye muzimu

Tugeukie kitabu cha luga yetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1918, akafanya kazi ya magazeti, akafariki mwaka wa 1991. Hadisi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka wa 1957-58, ikachapwa mwaka wa 1960. Mupelelezi wake ni Bwana Msa, mwenye kiko mudomoni, pamoja na rafiki yake Najum. Kila mutu aliyesoma habari za Sherlock Holmes na Watson anatambua toka wapi walitoka. Lakini Abdulla hakunakili tu. Aliwavika nguo za kisiwani, akawapa Kiswahili kitamu, na akawaweka mbele ya fumbo ambalo London haikulijua.

Maana maiti inaonekana penye muzimu, pahali panapoogopwa. Basi maulizo yanakuwa mawili. La kwanza: nani aliua? La pili: tutawaachia mizimu jibu, ao tutatafuta? Holmes hakulazimika kupigana na ulizo hili la pili kila siku. Bwana Msa analazimika. Akiwaza kama watu walio kando yake, kazi imekwisha, na muuaji anaenda kulala salama. Hii ndiyo nguvu ya kitabu. Kinaonyesha kwamba woga wa mizimu unaweza kuwa nguo ya muuaji, kama vile giza ni nguo ya mwizi.

Kwa upande wa maneno, musomaji wa Masisi atakutana na maneno ya pwani asiyoyajua, na akiyaruka atapoteza alama, kwa sababu mwandishi anapenda kuficha funguo katika mambo ya ukoo na majina. Asome na kamusi pembeni. Kwa upande wa haki, tunaona kwamba mara nyingine Bwana Msa anajua zaidi kuliko yale musomaji aliyoonyeshwa, na mwishoni anaeleza kama mwalimu mbele ya ubao. Hapo Padri Knox angalimugombeza. Lakini hatuoni kwamba kosa hilo linaua kitabu. Wafu wa Abdulla wana ndugu, wana mashamba, wana madeni. Mutu akiuawa, kijiji kizima kinatikisika. Kwa hiyo tunamuweka juu ya Mathers, ingawa fumbo la Mathers ni gumu kuliko lake.

Danieli na miti miwili

Hata hivyo kitabu tunachokiweka juu ya vyote museminari anacho tayari mezani. Ni Danieli, sura ya 13 na 14. Biblia haizarau muchezo wa maneno. Zaburi ya 118, ambayo kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 119, inafuata herufi zote 22 za Kiebrania, mistari minane kwa kila herufi, jumla 176. Katika Yeremia 25, mustari wa 26, jina Sheshaki linaficha Babeli, kwa kubadilisha herufi ya kwanza kwa ya mwisho, ya pili kwa ya pili toka mwisho, na kuendelea. Lakini katika Danieli muchezo wa maneno unaokoa mutu.

Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamutamani Suzana. Anawakatalia, nao wanamushitaki kwamba walimukuta na kijana katika bustani. Baraza linaamini, kwa sababu ni wazee na ni waamuzi. Sheria ya Musa inataka mashahidi wawili, na wawili wapo. Kila kitu kimetimia, na mutu asiye na kosa anapelekwa kufa. Ndipo kijana Danieli anapaza sauti. Anawatenga wale wazee, anamuuliza kila mumoja: uliwaona chini ya muti gani? Mumoja anataja muti fulani, wa pili anataja mwingine. Uwongo umeanguka.

Fumbo la akili ndilo hilo. Lakini kuna la maneno pia. Katika Kigiriki, jina la muti wa kwanza linafanana na neno la kupasua, na la wa pili linafanana na neno la kukata kwa musumeno; na Danieli anamwambia kila muzee azabu yake kwa neno lenye sauti ya muti wake. Katika karne ya tatu, Julius Africanus alimwandikia Origene kwamba muchezo huu unawezekana kwa Kigiriki tu, basi hadisi haikutoka kwa Kiebrania. Origene akajibu kwamba labda Kiebrania kilikuwa na muchezo wake, na mufasiri akatafuta wa Kigiriki wa kuufananisha. Mutakatifu Hieronimo naye alionyesha kwamba hata Kilatini kinaweza, kwa kuweka ilex karibu na illico.

Na Kiswahili je? Tujaribu, kwa mazoezi tu, maana miti hii siyo ya Babeli. Muzee wa kwanza akisema mwembe, Danieli anaweza kumujibu kwamba wembe wa malaika utamupasua. Wa pili akisema muvule, ajibiwe kwamba atavuliwa uzee wake mbele ya baraza. Basi Origene hakukosa sana: mufasiri mwenye masikio anaweza kuhamisha muchezo toka luga moja mpaka nyingine. Mwalimu wa Maandiko ajaribu zoezi hili na wanafunzi wake. Watafahamu ulizo la Africanus vizuri zaidi.

Sura ya 14 inaleta chumba kilichofungwa. Mapadri 70 wa Beli wanasema kwamba sanamu inakula. Danieli anamwaga majivu chini, mulango unafungwa, na asubuhi kuna nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Kuna mulango wa siri mumoja, si zaidi, na musomaji ameambiwa mbele. Padri Knox hangepata la kulaumu!

Tena tuone hekima ya mwandishi. Katika habari zote mbili musomaji anajua kweli tangu mwanzo. Anayebaki gizani ni baraza, ao mufalme. Kwa hiyo hatuulizwi, “Nani aliyefanya?” Tunaulizwa, “Wewe ungalikuwa katika baraza, ungaliamini nani?” Hilo ndilo ulizo linalotufaa.

Faida yake kwa kazi yetu

Chesterton, katika kitabu chake cha mwaka wa 1911 juu ya Padri Brown, anasimulia mwizi aliyejifanya mupadri. Padri Brown alimutambua kwa sababu yule mutu alianza kuzarau akili. Mupadri wa kweli, anaona Chesterton, hawezi kufanya hivyo, kwa sababu kuzarau akili ni teolojia mbaya. Tulishike neno hili.

Maana sisi tunakaa pahali ambapo mafumbo ya kweli yanakuja bila kualikwa. Mwezi wa Januari 2024 vita ilipofika Mweso, maelfu ya watu walikimbilia hospitali. Wakati wa vita habari zinatembea haraka kuliko miguu: fulani alionekana, fulani aliwaonyesha njia, fulani ana damu mikononi. Na wakati wa amani kuna fumbo lingine: mutoto amekufa, nani ni mulozi? Muzee mujane anayekaa peke yake anatajwa, na jioni nyumba yake inawaka. Hapo katekista ndiye anayefika wa kwanza, mara nyingi mbele ya askari na mbele ya mupadri.

Atafanya nini? Afanye kama musomaji wa Utaya wa Kaini: apange kurasa. Mutoto alianza kugonjwa siku gani? Yule mwanamuke alipita siku gani? Mara nyingi habari zote ni za kweli, lakini ugonjwa ulitangulia. Afanye kama Bwana Msa: asiwaachie mizimu kazi ya akili. Akumbuke sheria ya tano ya Knox: ugeni si ushuhuda. Na zaidi ya yote afanye kama Danieli: atenge mashahidi. Watu 20 wenye kurudilia neno moja walilosikia kisimani si mashahidi 20. Ni shahidi mumoja mwenye midomo 20, na pengine hata yeye hakuona kitu.

Ndiyo sababu tunashauri walimu wa seminari wasinyanganye vitabu hivi bila kuchagua. Wawape vijana kaye, wachore safu tatu: niliyoona, niliyoambiwa, ninayozani. Kila alama ya hadisi iandikwe katika safu yake, na mbele ya sura ya mwisho kitabu kifungwe, kila mumoja aandike jibu na sababu zake. Atakayejibu vizuri bila sababu amebahatisha, asisifiwe. Atakayekosa lakini safu zake ni safi, asifiwe.

Maana siku moja kijana huyo atasimama penye baraza bila sura ya mwisho ya kufungua, na uhai wa mutu utategemea kama anajua tofauti ya safu ya kwanza na ya tatu.